Blogu Iliyoingia Bila Hodi

Msinywe maji ya tangi la Kigoda. Hayo ndiyo niliyotaka kusema, na mwenye haraka anaweza kuishia hapo akaendelea na shughuli zake. Aliyebaki avute kigoda, kile cha kukalia, maana itabidi nieleze kwa nini katika nchi yetu mtu kuanza na jambo lenyewe kabla ya salamu ni kosa la jinai.

Nchi yenyewe sitaitaja. Kulitaja jina lake ukiwa umekaa ni kosa jingine, na mimi naandika nimekaa, tena miguu nimeitia kwenye beseni. Ila ni nchi nzuri jamani. Ina amani, ina utulivu, ina wimbo mrefu wenye beti ambazo hakuna anayezijua, na haina tatizo hata moja. Ina changamoto. Neno tatizo lilifutwa na baraza la mawaziri baada ya chakula cha mchana, na tangu hapo bomba likikauka tunasema lina changamoto ya ukavu. Limekauka vilevile, lakini kwa heshima.

Msinielewe vibaya, mimi ni raia mwema. Nimepanga chumba cha uani kwa Zamda Kitwana, mshona mapazia, na kwenye blogu yake najulikana kama Mpangaji wa Uani. Huyo Zamda ndiye mwenye kisa, na kisa chenyewe kilianza na ndoo tupu.

Siku hiyo maji yalitoka mtaa wa pili, yeye kalala. Kuamka, jirani kafua mpaka mazulia, na kwake bomba linakoroma tu. Zamda ana hasira za karibu, mnamjua. Akachukua simu, akafungua blogu, akaandika: "Nyie mliopata maji jana mkanyamaza, mngepungukiwa nini mngetuambia?" Basi. Akaiita blogu hiyo *Yametoka?*, na alama ya kuuliza juu yake.

Loo, watu walivyojibu! "Kwetu Mlandizini hayajatoka tangu harusi ya Mwajuma." "Kwetu Bondeni yametoka, rangi ya chai ya maziwa." "Mna bahati ya maziwa, kwetu ni ya rangi." Fundi bomba mmoja akatukanwa, mkewe akaingia kumtetea, akatukanwa naye, akarudisha kwa riba. Tukagombana, tukapatana, na kuna ndoa ilifungwa kutokana na komenti za pale. Zamda aliandika mistari mitatu, sisi tukamalizia mia. Ukitaka kujua pa kupeleka ndoo, ulisoma *Yametoka?* kabla hujanawa uso.

Nilimuuliza siku moja, anasukuma cherehani, "Dada Zamda, hii kazi isiyo na mshahara unaifanyia nini?"

"Kuna mtu atanijibu," akasema bila kuinua kichwa. "Ukitaka kusema tu, si unaweza kuuambia ukuta? Mimi naandika nijibiwe."

Na wa kwanza kumjibu, siku zote, alikuwa Mzee Athumani Pazi wa Bondeni, mstaafu wa posta, idara ya simu za maandishi. Yule mzee aliandika komenti kama barua. Alianza na hali yake, akaja kwenye hali ya bomba, akafunga hivi: "Wako katika maji, A. Pazi, nyumba ya mlango wa kijani, Bondeni." Zamda hakuwahi kumwona kwa macho. Lakini Mzee Pazi akichelewa kujibu, cherehani ilikuwa haishoni vizuri, na mimi uani nilikuwa naisikia.

Tena alisoma kila neno. Watu wakilalamika kwamba fulani kaandika gazeti zima, yeye alijibu, "Kuruka maneno ya mtu ni kumkata kauli. Mimi sikulelewa hivyo." Likumbukeni hilo.

Wakati huo nchi ilikuwa na wanablogu wengi, na wote walikuwa na midomo. Sasa serikali yetu haifungi midomo, jamani, hayo ni maneno ya maadui. Serikali yetu huilisha. Wizara ya Maneno ikawaalika wanablogu wote hotelini kwenye semina elekezi. Wakapewa tisheti zilizoandikwa "Andika kwa Upendo," wakapewa kofia, wakapewa biriani, na kabla ya kutoka wakapewa bahasha ambayo sitasema ndani mlikuwa na nini kwa sababu hamkuwa na barua.

Waliingia wanablogu, wakatoka wadau. Aliyekuwa akiandika juu ya mashimo ya barabarani aliamka kesho yake akaandika kwamba mashimo yanapunguza mwendo wa magari na hivyo kuokoa maisha. Aliyekuwa akiandika juu ya dawa kuisha hospitalini akaandika faida za tangawizi. Chini ya maandishi yao ugomvi wote ukafa. Yakabaki "hongera sana," "kazi iendelee" na picha za viganja vinavyopiga makofi. Ukitafuta kilichoshangiliwa, hukioni. Aibu hawakuwa nayo, na walipokutana na sisi wa ndoo walitusalimu kwa kofia.

Zamda naye alikwenda. Biriani alikula, mimi sikufichi, akaniletea na kipande cha nyama kwenye mfuko. Bahasha aliiacha mezani. Kofia aliifunikia mtungi.

"Mwandishi anayepigiwa makofi na yule anayemwandika," aliniambia, "huyo ni mshereheshaji. Apewe kipaza sauti akaimbe kwenye harusi."

Ingeishia hapo kama si kifungua kinywa cha Mheshimiwa.

Mheshimiwa Profesa Injinia Magwira Tondolo, Waziri wa Maneno, alikuwa anakula mayai. Binti yake akaacha simu mezani, na kwenye kioo palikuwa na *Yametoka?* Mheshimiwa akatupa jicho, akasoma: "Kwetu bomba bado kavu. Na nyie?"

Akaruka. "Nani huyu kaingia mezani kwangu bila hodi?"

Walinzi walitafuta chini ya meza, chini ya vitanda, na kwenye friji. Binti akajaribu kueleza kwamba mtu kaandika kwake na sisi tumesoma kwetu. Mheshimiwa hakutaka kusikia upuuzi. Sauti iliyo nyumbani kwako ni mgeni, na mgeni asiyebisha hodi ni mwizi. Kwamba bomba la mgeni huyo lilikuwa kavu, hilo halikumgusa hata kidogo.

Wiki hiyohiyo alihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "mwizi huingia bila hodi. Mbu huingia bila hodi. Malaria, wote mnajua, haijawahi kusema hodi. Na sasa blogu! Mtu hajakusalimu, hajamtambua mkubwa, anakuuliza, 'Na nyie?' Nyie nani? Mila zetu ziko wapi? Wazee wetu hawakuwa na intaneti, lakini je, kuna mzee aliyewahi kuingia kwenye intaneti bila hodi?" Ukumbi ukasimama ukapiga makofi, kwa sababu kwa kweli hakuna.

Ndipo ikapitishwa Sheria ya Hodi na Itifaki Mitandaoni. Kila andiko lianze na hodi tatu, kisha liwatambue viongozi wote kwa majina na vyeo, kuanzia juu kabisa mpaka kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mbunge mmoja, pengine alikuwa na njaa, akauliza kama isingetosha kusema "itifaki imezingatiwa," kama tunavyosema mikutanoni tukichoka. Akazomewa. Kumbe mkuu wa wilaya mmoja alikuwa ameshalalamika kwamba amekaa ndani ya "itifaki imezingatiwa" miaka yote ya utumishi wake na hajawahi kuonekana.

Wenye komenti nao hawakusahauliwa. Kila komenti ianze na "Awali ya yote nashukuru kwa kupewa nafasi hii adhimu, sina mengi," na imalizike na "Naomba kuwasilisha." Wizara ikafunga mtambo wa kusimamia. Andiko lisilo na majina juu lilimezwa hapohapo kabla ya jicho la mtu kulifikia. Ndiyo maana msije mkaniuliza baadaye kwa nini Zamda hakukaidi. Usingeweza kukaidi. Ungeandika, ungebonyeza, na neno lako lingekwenda kama jiwe kisimani.

Akateuliwa pia afisa wa kusimamia, Bwana Kwilasa, mtu mpole, tai mpya, kompyuta ambayo hajaibandua nailoni. Kila wiki alitoa orodha ya majina, kwani vyeo kwetu hubadilika kama bei ya nyanya. Kuna mtu alikamatwa kwa kumtambua naibu waziri aliyetumbuliwa wakati yeye bado anaandika.

Mwaka huo Tuzo ya Blogu Bora ilichukuliwa na andiko lenye itifaki tupu. Majina mwanzo mpaka mwisho, chini hakuna kitu. Majaji walisema halikumwacha mtu. Wadau wakagombania kuliiga, na nchi nzima ikajaa hodi zisizo na mgeni nyuma yake.

Zamda hakuiga. Aliandika majina yote, mpaka la mjumbe, halafu chini kabisa: "Kwetu yametoka saa tano, kimbieni." Nasi tukajizoeza. Bando letu ni la kubangaiza, ukianza na majina linakata hujafika wilayani. Basi mtu unafungua, unashusha kidole mpaka chini bila kuangalia, unaanzia huko. Watoto wetu sasa ukiwapa kitabu wanafungua ukurasa wa mwisho.

Ila Mzee Pazi. Zamda alimwandikia pale kwenye komenti, baada ya shukrani zote za kisheria: "Baba Pazi, shikamoo. Wewe shuka tu moja kwa moja chini, usijitese na majina ya watu."

Akajibu: "Awali ya yote nashukuru kwa nafasi hii adhimu, sina mengi. Marahaba, mwanangu. Hayo majina nayo umeyaandika kwa mkono wako. Nikiyaruka nitajuaje kama hukuchomeka neno humo kwa ajili yetu? Nitasoma. Wako katika maji, A. Pazi, nyumba ya mlango wa kijani, Bondeni. Naomba kuwasilisha."

Zamda akacheka, akasema huyu mzee ni mbishi. Cherehani ikashona vizuri siku hiyo.

Kisha serikali ikatupenda. Ikatangazwa kwamba juu ya kilima cha Kigoda limewekwa tangi la maji kwa ajili ya watu wa Bondeni, na Mheshimiwa mwenyewe atakuja kulizindua. Tukaenda kulitazama. Tangi kubwa kweli, limepakwa rangi ya dhahabu, maana dhahabu ndiyo rangi ya chama. Rangi ilikuwa mpya. Tangi, hata mtu asiye na macho angesikia harufu, halikuwa jipya.

Komenti ikaingia kwenye *Yametoka?* kutoka kwa mtu anayejiita Dereva Mstaafu: "Awali ya yote nashukuru kwa kupewa nafasi hii adhimu, sina mengi. Hilo tangi nilikuwa nalibeba mimi kwa lori, enzi za chama cha ushirika. Lilikuwa la dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Tulilitupa kwa sababu mbuzi walilamba sakafu yake wakafa. Naomba kuwasilisha."

Yarabi! Zamda alisimama na sindano mdomoni. Aliitoa, akaniambia, "Vaa viatu."

Ofisini kwa Bwana Kwilasa tulipokelewa vizuri, hilo lazima niseme. Tulipewa na soda.

"Kaka yangu," Zamda akaanza, "naomba kubandika mstari mmoja tu. Mmoja, bila itifaki. Tangi la Kigoda lina sumu."

"Nimesoma," akasema Kwilasa. Alikuwa kweli amesoma. Katika wizara nzima ndiye pekee aliyesoma maandishi ya Zamda mpaka chini. Ndiyo kazi yake. "Huyo dereva, cheo chake nini?"

"Dereva."

"Unaona." Akafuta miwani. "Dada Zamda, mimi sikukatalii. Sumu inawezekana ipo. Lakini sumu haina cheo. Nitaiweka wapi? Mbele ya Waziri?"

"Iweke mbele ya mkuu wa mkoa."

"Mkuu wa mkoa ana kisukari, atapandwa na presha."

"Basi mbele ya diwani! Diwani jamani, hata yeye?"

Kwilasa alifikiri. Si kwamba alijifanya, alifikiri mpaka tai ikapanda na kushuka. "Diwani wiki hii ni mwenyekiti wa kamati ya mapokezi," akasema kwa masikitiko. "Amepanda."

"Watu watakufa, wewe mtu!"

"Mungu apishe mbali. Andika chini ya majina, dada yangu. Mwenye kiu ya habari atafika." Akatukabidhi orodha ya uzinduzi. Humo walikuwamo mkandarasi, mke wa mkandarasi, vikundi vya ngoma kwa majina ya viongozi wao, na mtu aliyechanganya rangi.

Tukiwa mlangoni aliniita mimi pembeni, taratibu. "Hao mbuzi," akauliza, "walikufa upesi?"

Nikamwambia nasikia hawakumaliza hata siku. Akatikisa kichwa, akaandika kitu kiganjani. Mimi nikatoka nikamwambia Zamda kwamba yule mtu ana moyo, ujumbe umemwingia. Na kweli ulikuwa umemwingia.

Zamda aliandika mchana kutwa. Hodi hodi hodi, na majina yale yote, mpaka kidole gumba kikavimba. Chini kabisa akaweka kwa herufi kubwa: TANGI LA KIGODA LINA SUMU. MSINYWE, MSIPIKIE, MSIOGE. Akabonyeza. Likapita.

Komenti zikaanza kushuka, shukrani zake za kisheria nimeziondoa. "Nimeona." "Nimeona, nimemwambia na mama mkwe ingawa nilisita." "Tumeona Bondeni huku chini." Kila jina Zamda alilitamka kwa sauti. Alikuwa anasubiri moja.

"Baba Pazi, umeona?" akaandika. Kimya. "Baba Pazi, hata neno moja."

Hakuwahi kuchelewa hivyo. Asubuhi ya uzinduzi alikuwa bado hajajibu.

Sasa uzinduzi wenyewe, mniruhusu niusifu. Kwa amri ya kamati, maduka yote, magenge na vibanda vya vocha vilifungwa ili wananchi wajitokeze kwa hiari. Kulikuwa na mahema, ngoma, na meza kuu yenye kitambaa cha satini na jagi la kioo. Mheshimiwa aliposimama alitambua waliokuwapo mpaka jua likasogea. Halafu akasema, "Kuna watu wanakaa kwenye vijisimu vyao wanasambaza hofu. Mimi nimesoma blogu hiyo!" Kweli alisoma. Husoma mpaka penye jina lake, akishafika anafunga simu, ameridhika. "Mimi ni mtu wa vitendo. Naomba bilauri ya maji ya tangi hili hili!"

Wakamjazia kutoka kwenye jagi. Akanywa yote, akaigeuza bilauri chini juu. Watu wakalia kwa furaha, na diwani alilia zaidi.

Mimi nilikuwa nimebanwa na watu nyuma ya meza kuu. Nilimwona Bwana Kwilasa, kabla ya hapo, kapiga magoti, anamimina kwenye jagi maji ya chupa, ya dukani, yenye vifuniko vya bluu, chupa baada ya chupa, na zilizokwisha anazisukuma chini ya satini. Kiganjani kwake wino ulikuwa bado haujafutika. Laana juu yake. Alisoma mpaka chini, akaelewa, akaamini, na akaokoa mtu mmoja.

Zamda alikuwa ameomba kusema. Mshereheshaji akamwambia wananchi watapata nafasi baada ya neno la shukrani, muda ukiruhusu. Zamda akaniangalia, akageuka, akaanza kukimbia kuelekea Bondeni, nami nyuma yake.

"Mlango wa kijani," alikuwa anasema njia nzima. "Si mji mkubwa. Mlango wa kijani."

Tukafika Bondeni, na milango yote ilikuwa ya dhahabu.

Yote, jamani! Msafara ulipangwa kupita pale, kwa hiyo kamati ilipaka kila mlango rangi ya chama, bure, wenye nyumba wapende wasipende. Zamda alisimama katikati ya mtaa akashika kichwa. Kisha akaenda mlango wa kwanza.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Mwanamke aliyehukumiwa na taifa zima kwa kukosa hodi, nilimsikia siku ile akipiga hodi mpaka sauti ikamkauka. Hodi kwa aliyekuwapo, hodi kwa aliyekwenda kwenye ngoma. "Mzee Pazi yuko hapa? Msinywe maji! Hodi! Mzee Pazi wa posta?" Mwishowe kwenye nyumba moja ya pembeni, rangi ikiwa imekwanguka karibu na bawaba, aliona kijani kimechungulia.

Akafungua mama mmoja mtu mzima, kanga kiunoni, macho mekundu. Bi Siwema, mkewe. Mzee Pazi alikuwa kwenye mkeka, amejikunja, beseni pembeni, na kikombe cha chai kiko dirishani nusu yake.

Alikuwa anasoma tangu jana, Bi Siwema alituambia, jina kwa jina, na bando likamkatikia. Asubuhi akatoka kununua jingine, vibanda vyote vimefungwa. Akarudi. Akasikia bomba linakoroma, maji ya tangi yakatoka. Alifurahi. Alisema akipata bando atakuwa wa kwanza kumwambia mwanawe Zamda yametoka. Wakachemsha chai. Bi Siwema alikuwa na funga yake ya sunna, hakunywa.

Zamda alipiga magoti. "Shikamoo, baba. Ni mimi. Zamda wa *Yametoka?*"

Mzee akafumbua macho, na nakwambia alitabasamu. "Marahaba, mwanangu. Karibu. Nilifika kwa katibu tarafa, likakata." Akavuta pumzi. "Uliandika nini huko chini?"

"Niliandika msinywe, baba."

Yule mzee alisahihisha simu za maandishi za watu miaka thelathini, akijua kila neno lina bei na la maana linatangulia.

"Ungeanza na hilo," akasema.

Tulimbeba kwenye mkokoteni. Barabara ilikuwa imefungwa kupisha msafara. Akatutoka pale pale, tukiwa tumesimamishwa na askari, magari meusi yanapita, na Zamda amemshika mkono anamwita baba. Mimi nililia, na sijali nani anajua.

Serikali ilikuja mazikoni. Ilitoa ubani, ilitoa gari, na ilimtoa Bwana Kwilasa na rambirambi za Wizara. Akabisha hodi makaburini mara tatu. Akaanza kutambua viongozi, mmoja mmoja, nasi majembe mkononi, jua la mchana kichwani. Alipofika kwa marehemu tulikuwa tumeshamaliza kufukia. Taarifa ilisema mzee alipata changamoto ya tumbo. Kwa kuthamini utumishi wake, tangi limepewa jina lake, na limepakwa rangi upya.

Zamda alikamatwa kesho yake, papo hapo kwenye cherehani. Kosa: kubisha hodi kwenye nyumba za watu siku ya sherehe ya kitaifa bila kibali, na kuzidisha hodi kupita idadi ya kisheria. Alipokuwa anapandishwa garini alinigeukia. Hakusema niangalie nyumba wala nilete nguo.

"Mpangaji," akasema, "watu hawajaacha kunywa."

Ni kweli, hawajaacha. Kila siku kuna mtaa unafunguliwa bomba, na kuna mtu wa adabu anayesoma kuanzia juu. Nilijaribu kuandika kwenye blogu yake bila majina, mtambo ukameza. Nikajaribu tena, ukameza tena. Wadau nimewapigia simu wote. Mmoja alinitumia picha ya viganja viwili vimeshikamana, vya pole.

Kwa hiyo nimeandika kwenye karatasi. Mtambo wao hausomi karatasi. Zimebandikwa kwa unga wa muhogo kwenye kila bomba la Bondeni na Mlandizini, na hii unayoisoma ni mojawapo, niliyoiandika leo. Ile ya bomba la sokoni niliikuta jana imeshaandikwa chini yake, mwandiko wa watu tofauti, bila shukrani, bila nafasi adhimu. "Kwetu yametoka, tumemwaga." "Kwetu pia." "Nani aliyewaambia Mlandizini hatuna akili? Tumemwaga tangu juzi." Na mmoja kamtukana fundi bomba. Nilisimama pale nikasoma yote, sikuruka hata moja. Nitampelekea Zamda nakala mahabusu, ajue amejibiwa.

Sehemu ya chini nimeiacha tupu. Kalamu imefungwa kwa uzi hapo pembeni, andika kwenu kukoje. Na wewe uliyeanza kusoma kutokea chini, kama tulivyozoeshwa: msinywe maji ya tangi la Kigoda.